Vepu au sigara, ipi inakula hela zaidi? Hesabu za shemeji wa bajaji hapa Tanga

Kisa chenyewe ni cha shemeji yangu mmoja hapa Tanga, anaendesha bajaji, mara yuko Ngamiani mara Kange kutegemea mabasi ya Dar yanaingia saa ngapi. Mke wake ni mwenzetu kwenye kikoba na mimi ndo mweka hazina, kwahiyo hizi hesabu zimeanzia kwenye daftari la hisa wala sio kwenye mambo ya afya. Hisa za mwenzetu zilianza kuchelewa, na huyu ni mtu anapika chapati na maharage pale Makorora kila asubuhi, hajawahi kukosa, tukamuuliza shoga kulikoni, akatujibu muulizeni huyo anayenuka embe. Maana mumewe sigara ilikuwa haimnuki tena, akipita anaacha harufu ya embe utadhani limepita gari la matunda.

Shemeji kwa upande wake majibu yake yalikuwa yamenyooka kabisa. "Shem mi nimehamia vepu ili kubana matumizi, kila mtu anajua vepu ni rahisi kuliko fegi." Vepu ni ile sigara ya umeme, inapasha juisi yenye nikotini unavuta mvuke wake, na fegi ni sigara ya kawaida. Nikamwambia haya, leta hesabu tuone, maana mtu ambaye kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi wa bajaji hawezi kushindwa kuniambia hela yake mwenyewe imeenda wapi.

Nianze na hilo la kila mtu anajua. Yeye alilitoa kwenye video za jamaa wa Uingereza, na wale wala hawadanganyi. Kule pakiti ya sigara 20 inacheza kwenye pauni 15 na kuendelea na sehemu kubwa ya hiyo bei ni kodi, wakati kichupa cha juisi ya vepu cha mililita 10 unakipata kwa pauni tatu nne, na ushuru maalumu wa juisi wameupangia Oktoba 2026, pauni 2.20 kwa kila mililita 10. Mtu wa kule akihama anaiona tofauti siku hiyohiyo. Huku kwetu ni kinyume: tumbaku inalimwa Tabora, sigara inatengenezwa Dar pale Chang'ombe, inauzwa mojamoja kwenye kila genge, halafu vepu ndo inasafiri toka Shenzhen kule China, inapita mkono kwa mkono na kila mkono umeweka faida yake, mpaka ikufike Tanga imeshakuwa kitu cha mtu mwenye hela. Huwezi kuchukua hesabu ya mtu wa London ukaibandika kwa dereva wa Kange.

Sasa kabla ya vepu ilibidi nijue sigara zilikuwa zinamla kiasi gani, na hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Nilipomuuliza alikuwa anavuta ngapi kwa siku akasema saba, nane zikizidi sana. Mke wake akacheka. Tatizo la sigara ya mojamoja ni kwamba haina risiti, haina pakiti ya kuangalia zimebaki ngapi, unatoa mia tatu unawashiwa pale pale unasepa. Kwahiyo tukamwambia kwa wiki nzima arudi kwenye fegi kama zamani, vepu aiweke ndani (alikuwa hana hata hela ya kununua nyingine kwahiyo hakubisha sana), na kila akimaliza kipisi asikitupe, akitumbukize kwenye chupa ya maji ya nusu lita anayoiweka mlangoni kwenye bajaji. Jioni mke anamwaga vipisi kwenye gazeti anahesabu. Siku ya kwanza 11, ya pili 13, kuna siku ya mvua abiria hakuna amekaa tu kijiweni zikafika 15, mwisho wa wiki wastani ukakaa kwenye 12. Sio saba. Na nadhani hakuwa anadanganya, ni kwamba zile za kwenye kahawa alikuwa hazihesabu kabisa, anaziona ni sehemu ya kahawa.

Haya, 12 kwa siku, moja 300 kijiweni kwao, ni 3,600. Kwa siku 30 ni 108,000. Nilipoisema hiyo namba alitoa miwani akaifuta kwa fulana. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe alikuwa hajawahi kukiona kimejaa.

Kuna kitu kingine hapo watu wanakipita. Duka la jumla pakiti nzima ya hizohizo anapata kwa 5,000, yaani 250 kila moja, kwahiyo angenunua kwa pakiti mwezi mzima ingekuwa 90,000, anaokoa 18,000 bila kubadilisha chochote. Nikamwuliza mbona hununui pakiti, akanijibu vizuri sana: "Shem nikiwa na pakiti mfukoni nakuwa tajiri, kila anayepita anaomba, na mimi mwenyewe naunganisha." Na kweli, bei ya mojamoja ni ghali lakini kila moja inakulazimisha ushuke, utembee, utoe hela, ni kama breki fulani kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa shule ni kinyume chake, mia tatu hakosi, pakiti asingeweza. Ndo maana mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia 2007, kwenye kifungu cha 16 unataka nchi zijitahidi kuzuia sigara za mojamoja. Kijiweni sijaona aliyejitahidi.

Tukarudi kwenye vepu. Alianza na zile za kutupa, unavuta ikiisha unatupa. Ya kwanza aliletewa na utingo wa basi toka Kariakoo, 30,000, imeandikwa mivuto 5,000. Akapiga hesabu kichwani kwamba mivuto 5,000 ni kama sigara mia nne hivi, yaani zaidi ya mwezi. Ikaisha siku ya kumi. Ile namba ya kwenye boksi inapimwa na mashine inayovuta kidogokidogo, na shemeji yangu sio mashine, yeye anavuta kama anavuta fegi, ndefu, anashikilia, anatoa pole pole. Halafu ile kitu haina mwisho. Sigara inaisha, unaitupa, unarudi kazini. Vepu iko mfukoni, taa nyekundu barabara ya Pangani mvuto, abiria anatafuta chenji mvuto, akilala iko chini ya mto.

Tatu kwa mwezi, 90,000. Na moja aliinunua kwa mkopo wa simu maana 30,000 ya mkupuo haikai kwenye mfuko wa mtu wa bajaji: unatoa hesabu ya bosi, unatoa mafuta, kinachobaki ni cha kula leo. Makato ya mkopo sijayaweka humu, lakini yapo. Hapo sasa weka na sigara, kwa sababu hakuacha. Alikuwa bado anavuta kama sita kwa siku, 1,800, kwa mwezi 54,000. Jumla 144,000. Yaani mtu anayebana matumizi ameongeza 36,000 juu ya zile 108,000 za zamani, na anatangaza kijiweni kwamba ameacha sigara.

Akashtuka mwenyewe, akaambiwa na kijana mmoja wa simu pale barabara ya 12 kwamba za kutupa ni za wajinga, nunua ya kujaza. Ushauri wenyewe sio mbaya, kwa bei ya kila mvuto ya kujaza ni nafuu kweli. Akanunua kifaa 65,000, kidogo kama flashi, na kijana akamuuzia chupa kubwa ya juisi mililita 60 kwa 30,000, eti bei poa. Sasa angalia balaa lilipokaa. Kwenye chupa imeandikwa miligramu 3, yaani nikotini kwa kila mililita, na pembeni 70 kwa 30, yaani gliserini 70 kwenye kila mia. Hiyo ni juisi ya mashine kubwa, zile zinazotoa wingu limfunike mtu. Ni nzito kwa sababu ya gliserini, kwenye podi ndogo (kile kikopo cha juisi chenye pamba na koili, waya unaopata moto) pamba haiivuti haraka, ukivuta mara mbili tatu mfululizo pamba inakauka, koili inachoma pamba badala ya juisi, na hapo unapata ladha ya soksi iliyoungua ambayo haitoki tena mpaka ubadilishe podi. Podi tatu zilikufa kabla chupa haijaisha. Na nikotini ya miligramu 3 kwa mtu wa fegi 12 haikati kiu, kwahiyo anavuta bila kupumzika, mililita tano kwa siku, na bado jioni anawasha sigara ili alale. Bei poa ikawa ndo bei ghali kuliko zote.

Tulipofungua ile chupa na mke wake tukasoma maandishi ndo tukaelewa. Akabadilisha, akaanza kuagiza Dar juisi ya nikotini ya chumvi (ile isiyokwaruza sana koo hata ikiwa kali), miligramu 20, nyepesi, mililita 30 kwa 25,000. Nisisitize hapo kwenye 20: kuna za 50 pia zinauzwa, na nchi za Umoja wa Ulaya 20 ndo mwisho kisheria. Mtu wa 12 kwa siku hana sababu ya kuanza na 50, atakata kiu haraka ndio, ila baadaye hiyo 50 ndo itakuwa kawaida yake na kuishuka ni kazi.

Kuanzia hapo matumizi yakatulia na ndo hesabu ya maana. Anatumia kama mililita mbili kwa siku, chupa inakaa wiki mbili, mwezi ni chupa mbili, 50,000. Podi moja 10,000 nayo inakaa wiki mbili, mwezi 20,000. Kifaa chenyewe 65,000 kimedumu miezi minne, betri imechoka, kikitoka chaji asubuhi saa sita mchana kimezima, na sishangai, kimekuwa kikiachwa kwenye dashibodi juani na betri ya lithiamu haipendi joto. Gawa 65,000 kwa minne ni 16,250 kwa mwezi, na hii ndo sehemu ambayo kila mtu wa vepu anaisahau, anakwambia natumia chupa mbili tu. Weka na 5,000 ya mzigo kwenye basi kutoka Dar. Umeme nimeuacha, betri ile ni ndogo sana, uniti moja ya LUKU inaichaji mara mia na zaidi.

Jumla 91,250.

Kwahiyo swali la vepu au sigara, kwa mtu huyu, kwa bei hizi, jibu ni kwamba vepu ya kujaza inamwokolea 16,750 kwa mwezi ukilinganisha na fegi za mojamoja. Na ukilinganisha na fegi za pakiti za 90,000, vepu imezidi kwa 1,250. Zile video za London ziko wapi hapo. Tofauti yote aliyoifuata Kariakoo angeipata duka la jumla, kama angeweza kujizuia kugawa.

Lakini hata hiyo 16,750 ipo kwa sharti moja tu, kwamba sigara ziwe sifuri. Gawanya 16,750 kwa 300 unapata sigara 55 kwa mwezi. Hazifiki mbili kwa siku. Yaani mtu akiwa na vepu yake halafu akavuta mbili tu kwa siku, moja asubuhi na moja usiku, 18,000 imetoka na faida yote imekwenda. Shemeji kwenye miezi hiyo minne alikuwa anavuta nne. Tulirudisha ile chupa ya vipisi, ndo ilivyosema. Nne kwa siku ni 36,000, jumlisha na 91,250 ni 127,250, toa 108,000 za zamani, amezidisha 19,250 kila mwezi. Hisa ya kikoba chetu ni 5,000 kwa wiki, 20,000 kwa mwezi. Yaani alichozidisha ni kama hisa nzima ya mwezi, pungufu ya shilingi 750 tu. Nilipomwonyesha mke wake hakusema kitu, alichora mstari chini ya ile namba mara mbili akafunga daftari.

Mi naona watu wanabishana kitu ambacho sicho. Wanabishana bei ya kifaa, bei ya juisi, ipi ya kutupa ipi ya kujaza, wakati kinachoamua ni zile sigara tatu nne zinazobaki. Vepu haikuja mahali pa sigara, ilikuja ikakaa pembeni yake, na mfuko ni uleule.

Nikamwuliza basi hizo nne zinavutwa saa ngapi, maana kama ni nne kila siku basi zina kazi maalumu. Kumbe mbili ni za kahawa. Wanaoijua Tanga wanaelewa, jioni Ngamiani birika liko kwenye mkaa, vikombe vidogo, kashata, wazee wanabishana Coastal Union na African Sports, pale mtu akitoa kidude chenye harufu ya embe anatazamwa. Alijaribu siku moja mzee mmoja akamuuliza mwanangu hiyo ni dawa ya pumu? Hakurudia. Ya tatu ni ya kumaliza kula. Ya nne ni ya Kange usiku kusubiri basi la mwisho, na hiyo kwa maneno yake ni ya usingizi.

Ya Kange ilitoka kirahisi, pale yuko peke yake kwenye bajaji hakuna wa kumtazama, avute vepu tu. Ya chakula ikachukua muda. Za kahawa ndo mtihani, tukampa wazo ahamie kijiwe kingine cha kahawa ambako hawavuti, akaniangalia kama nimemwambia ahame dini.

Kwa upande wa mwili sitaki kurefusha, mimi ni wa daftari, ila kuna kimoja kinaingia kwenye hesabu hii moja kwa moja. Madhara makubwa ya sigara yanatoka kwenye kuungua, ule moshi una kemikali zaidi ya 7,000 na kama 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani, kuna lami, kuna kaboni monoksaidi. Kwenye vepu hakuna kinachoungua (podi ikiwa nzima), kwahiyo aliyehama kabisa amepunguza sumu nyingi ingawa nikotini bado imemshika na sio hewa safi anayovuta. Aliyebaki na nne za fegi asijidanganye kwamba amepunguza theluthi mbili ya hatari. Kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2018, ulionyesha hata sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Nusu, kwa moja. Kwahiyo zile nne zinazokula faida ya mfuko ndo hizohizo zinazokula faida ya moyo. Na kwa anayetaka kutoka kabisa, bablishi na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO toka 2009, ulizia famasi kabla hujaulizia Kariakoo.

Sasa kilichotokea. Kifaa kilipoanza kuzima mchana shemeji akataka kingine, 65,000, na akamtuma mke wake aombe kwenye mfuko wa jamii wa kikoba. Jamani. Mfuko wa jamii ni wa misiba na wagonjwa, kina mama walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mama mmoja akasema bora arudi kwenye fegi zake za pakiti, ni rahisi na hana deni, na kwa hesabu tupu hakukosea. Mwingine akasema anunue tu kingine, angalau watoto hawakohoi usiku. Mimi nikasema mfuko wa jamii hapana, ila mke anaweza kukopa kwenye hisa zake kama mwanachama yeyote, kwa sharti kwamba kwanza nione vipisi, kwa sababu kumkopesha mtu kifaa cha 65,000 halafu avute na fegi nne ni kumkopesha hasara.

Shemeji akanuna siku mbili. Ya tatu akaleta chupa mwenyewe dukani kwangu, akaiweka juu ya meza mbele ya wateja, akasema "hesabu shem". Vipisi tisa kwa wiki nzima. Saba ni vya kahawa, amekubali kikombe cha pili akinywe bila kitu, na viwili hakutaka kuvielezea. Tisa kwa wiki ni kama 39 kwa mwezi, 11,700, toa kwenye ile 16,750 inabaki elfu tano na ushee, kwahiyo kwa mara ya kwanza tangu aanze kunuka embe hesabu imelala upande wa vepu. Elfu tano sio hela ya kutangaza kijiweni. Mkopo tumepitisha, wa miezi mitatu, na mke wake kasema hiyo elfu tano asiione kwenye mfuko wa shati, iletwe kwenye hisa kila tarehe mosi.